Mashine Iliyovishwa Kitambaa

Miaka ile ya sabini, watu walipokuwa wakiitana ndugu hata kama hawapendani, shirika moja la mazao lilileta kompyuta Iyunga, pale Mbeya. Makao makuu ya shirika yalikuwa Iringa, juu kilimani, na huko walikuwa na yao, pacha kabisa wa hii. Ya Iyunga ilikuja kwa lori, imezungushiwa magodoro kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, ikaingizwa chumba cha mwisho cha ghala. Chumba chenyewe kilikuwa cha mbolea. Kikapakwa rangi, sakafu ikasuguliwa kwa nta nyekundu, na harufu ya mbolea ikabaki palepale.

Aliyepewa kuitunza ni Liberatus, kijana wa Kihehe mpole wa maneno, aliyepelekwa kozi Dar es Salaam akarudi na cheti na suruali ya bugaluu, pana miguuni. Wenzake walipomwuliza hayo makabati yanafanya nini, aliwaeleza taratibu. Kabati kubwa lina sahani ndani, sahani za sumaku zilizopangwa moja juu ya nyingine, zinazunguka mchana kutwa, na humo ndimo yanamowekwa majina ya wakulima wa mpunga na mahindi. Kabati fupi la pembeni, linalomfikia mtu kiunoni, ndilo kontrola. Kontrola ni mnyapara. Sahani ni vibarua tu, hazijui pa kuandika wala pa kusoma mpaka mnyapara aamuru. Mnyapara akiugua, vibarua wanakaa chini.

Ndugu Kalinga, meneja wa tawi, aliupenda mfano huo, akawa anawasimulia wageni kama wake.

Katika chumba hicho alikuwamo pia Regina, karani wa kuingiza majina. Mtu ukimweka kijana na binti katika chumba kimoja, mlango umefungwa kwa ajili ya vumbi, usije ukashangaa baadaye. Kabla mahindi hayajakomaa, Liberatus alikuwa ameshamtuma mshenga wake, mzee Selestini, kwa wazazi wa Regina kule Ubaruku.

Wazazi hao walikuwa Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao, wakaonja mpunga, wakakaa. Baba, Limbu, hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa mama, Ng'washi, na neno lake lilikuwa moja. Kijana ni Mhehe, sawa, Wahehe nao ni watu. Lakini binti yake haendi kukaa Iringa. Yeye Ng'washi alishahama mara moja katika maisha yake, akaacha mama na dada zake kaskazini, na wengine amewasikia kwa habari za msiba tu. Regina akae Mbeya, mahali ambapo mama akipanda basi asubuhi, mchana awe anakunywa chai kwa binti yake. Kijana akihamishiwa Iringa, posa ife.

Liberatus alisema hilo si tatizo. Mashine iko Iyunga, na yeye yuko ilipo mashine.

Basi Mama Ng'washi akaja kuiona hiyo mashine iliyoshika maisha ya binti yake. Akakaribishwa kiti, akapewa soda, akaitazama. Alitazama kabati la sahani, lile refu, halikumsumbua. Lakini lile fupi lilimsumbua. Limesimama katikati ya ofisi ya serikali, mgongo wazi, na matundu juu kama kichujio, uchi kabisa. Kwake hata redio ilikuwa na kitambaa. Viti vilikuwa na vitambaa. Chungu cha maji kilikuwa na kitambaa. Akamwuliza Regina kwa Kisukuma kama ofisi hii haina wanawake.

Aliporudi mara ya pili alikuja na kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa uzi mzito mweupe, maua pembeni, na katikati ng'ombe mwenye pembe ndefu. Kimetiwa wanga wa muhogo mpaka kimesimama. Akakitandika juu ya kontrola kwa mikono yake, akakivuta pande zote kikakaa sawa, akarudi nyuma kukitazama. Ndugu Kalinga alipiga makofi. Siku hiyohiyo akaagiza kwamba simu yake nayo itafutiwe cha kwake.

Selestini alimvuta Liberatus nje, uso umejaa furaha. Akamwambia kwamba mama amekubali bila kusema. Mwanamke kama yule hampi kazi ya mkono wake mtu asiyemtaka. Na ajue jambo moja: kitambaa kilichotandikwa na mama mkwe kikiondolewa, ni kama kimerudishwa, na kikirudishwa, na posa imerudishwa.

"Kukifua?" Liberatus aliuliza.

"Kukifua ni heshima. Kukiondoa ni kitu kingine."

Wiki ile ile mnyapara aliugua.

Asubuhi kontrola ilifanya kazi vizuri. Ilipokaribia saa sita, taa nyekundu ikawaka, sahani zikazunguka bure, na mashine ya chapa ikatoa mstari uleule kila ikiulizwa: kontrola haijibu. Liberatus alizima, akawasha. Alifungua mlango wa nyuma akakandamiza waya moja moja, kama alivyofundishwa. Alibadilisha sahani, maana labda sahani ndizo mbovu. Akapiga jaribio la sahani tupu. Kontrola haijibu. Kesho yake asubuhi ikawa nzima kabisa, kama mtu aliyetoroka zamu ya jana na leo anasalimia watu.

Simu ikapigwa Iringa, na Iringa wakasema Injinia Bartholomeo yuko njiani, atafika kesho. Huyu ndiye aliyetunza mashine ya huko, na mashine ya huko haijawahi kuugua hata mafua. Regina aliposikia kuna mgeni, alikitazama kile kitambaa, akaona vumbi la ghala limeingia kwenye pembe za ng'ombe. Mgeni wa Iringa hawezi kuonyeshwa kitu kama kile, ataisema familia ya nani? Akakiloweka. Na Mbeya ile ya ukungu, kitambaa cha uzi mzito hakikauki kwa kuambiwa.

Bartholomeo akafika na begi lake la ngozi. Akabadilisha kibao kimoja cha umeme ndani ya kontrola, akakaa kutwa nzima akiisubiri ifanye ukorofi. Haikufanya. Akalala Mbeya, akakaa tena kutwa. Ikamtii kama mtoto wa shule mbele ya mkaguzi. Akawaeleza kwamba kilikuwa kile kibao, akapanda basi akarudi kwake. Jioni kitambaa kikapigwa pasi ya mkaa na kurudishwa mahali pake. Kesho yake kabla ya chakula cha mchana, taa nyekundu.

Akaja mara nyingine, akabadilisha waya nene inayounganisha kontrola na sahani. Regina alishafua. Mashine ikafanya kazi bila kukohoa. Akaondoka, kitambaa kikarudi, taa nyekundu. Alipokuja tena alikuja amenuna. Akapima umeme wa Iyunga, akaulaumu umeme wa Iyunga, akafunga kifaa cha kuutuliza, na kwa siku alizokuwapo kila kitu kilikwenda vizuri mno. Wakati wa kuaga alimwambia Liberatus kwa sauti ya mtu aliyechoka na barabara: "Kijana, mimi nikiwapo haiumwi. Nikiondoka inaumwa. Ukiniita tena nikaikuta nzima, nitajua cha kuandika. Ikifia mbele ya macho yangu, nitaibeba kwenda Iringa nikaitibu huko. Na wewe utaifuata, maana mtunzaji hukaa na anachokitunza."

Kwa Liberatus, kwenda Iringa maana yake ilikuwa posa kufa.

Kikao kikaitishwa. Ndugu Kalinga alifungua kwa kueleza habari ya mnyapara na vibarua, ambayo kila mtu alishaisikia. Mmoja akasema ni malori ya barabara kuu, yakipita yanatikisa ghala. Mwingine akasema ni baridi. Mashine imetengenezwa Ulaya kwenye nyumba za moto, hapa inapigwa na ubaridi wa mlima, na kama kuna kitu kinachoisaidia basi ni kile kitambaa. Evarista wa masijala, ambaye hakuwahi kuingia chumba kile, akasema kuna mkono wa mtu. Neno hujuma likatajwa, watu wakaacha kutazamana. Mwisho wakakubaliana kwamba mlinzi aongezwe mlangoni. Mlinzi akaongezwa, na kontrola ikaendelea kufa adhuhuri, sasa chini ya ulinzi.

Mvua ndizo zilizomfungua Liberatus macho. Bartholomeo alikuwa ameshaondoka, lakini mvua zilinyesha mfululizo, na kitambaa kikakaa kwenye kamba ya jikoni kwa Regina kikinuka moshi, hakikauki wala hakitaki. Mashine ikafanya kazi Jumatatu. Ikafanya Jumanne. Kufikia Ijumaa Ndugu Kalinga alikuwa akimpongeza mlinzi. Jumamosi jua likatoka, kitambaa kikakauka, Regina akakileta kimekunjwa vizuri, akakitandika. Taa nyekundu ikawaka kabla hawajafunga ofisi.

Liberatus alisimama akiitazama ile taa. Akapenyeza mkono chini ya kitambaa, juu ya matundu, akautoa haraka. Palikuwa pa moto kama kikaango cha chapati. Ndani ya kontrola kulikuwa na feni inayosukuma joto lipande juu litoke kwenye matundu, na juu ya matundu kulikuwa na ng'ombe, maua, na wanga wa muhogo uliokauka ukawa kama ubao. Alikuwa amefundishwa hilo kozini siku ya kwanza kabisa, kwamba mashine isizibwe pumzi, akaandika kwenye daftari, akapigia mstari. Lakini waliomfundisha walizungumzia kuta na maboksi. Hakuna aliyemtajia mama mkwe.

Akamweleza Regina. Regina akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka.

"Wewe utamwambia mama?"

"Mimi siwezi kusemezana na mama yako. Mwambie wewe."

"Mimi nimwambie kitambaa chake kinaua mashine? Atasema nimeshakuwa Mhehe. Hapana, Libe. Mtume mtu wako."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mkwe na mama mkwe, kabla mambo hayajakamilika, hawasemezani ana kwa ana. Kuna mtu wa kupitisha maneno, na kazi yake ni kuyalainisha yasimkwaruze anayeyapokea. Na katika kulainisha maneno, kuanzia Iringa mpaka Mbeya hakukuwa na mtu wa kumfikia Selestini. Liberatus angeweza pia kukitoa kitambaa kila asubuhi na kukirudisha jioni, na alijaribu hivyo, lakini Ndugu Kalinga alikikosa akauliza mbele ya watu kulikoni, na zamani zile habari ya Iyunga ilifika Ubaruku na lori la kwanza la mpunga. Akakirudisha upesi.

Selestini akaenda Ubaruku. Alichokuwa ametumwa kusema ni kwamba kitambaa kinaipasha mashine joto, joto linaiua, mama aridhie kiondolewe. Alipofika alikaribishwa vizuri mno, akala wali na kuku, na tumbo likiwa limeshiba hivyo akaanza kwa adabu. Akasema, mama, kile kitambaa chako kinaipasha mashine joto. Mama Ng'washi akatabasamu, maana aliijua baridi ya Mbeya. Selestini akaliona lile tabasamu, akaona ubaya kulivunja. Akaongeza kwamba joto lenyewe ni kubwa, si kidogo. Mama akazidi kufurahi. Sasa ilibaki kusema linaiua, na Selestini alilitafuta neno laini la kuua, akalikosa. Badala yake akasema kwamba mashine imekipenda kitambaa kiasi cha kutokwa na jasho. Kisha akaaga, akarudi Iyunga na jogoo wa zawadi chini ya kwapa, akamwambia Liberatus asiwe na wasiwasi tena. Ujumbe umefika wote.

Liberatus akalala usingizi mzuri. Kitambaa alikiacha palepale, akisubiri mama mwenyewe aje akiondoe kwa heshima yake. Mashine ikaendelea kufa adhuhuri, Ndugu Kalinga akapiga simu Iringa bila kumwuliza mtu, na Bartholomeo akaja. Kama kawaida, Regina alishafua.

Safari hii hata hivyo Mama Ng'washi naye alikuja, siku ileile, bila kupeleka habari. Injinia alikuwa ameinama kwenye begi lake mlango ulipofunguliwa. Mama akasalimia watu wote, akaona kontrola iko uchi, akatikisa kichwa kwa huruma, akafungua kapu. Humo mlikuwa na kitambaa kipya. Hiki kilikuwa kikubwa mara mbili ya kile, nacho kina ng'ombe wake katikati, kinafika sakafuni pande zote nne, na kwa ndani kimeshonewa kipande cha blanketi. Akakivisha mnyapara kuanzia kichwani mpaka miguuni. Akamwambia Regina awaeleze kwamba amesikia mashine inapenda joto.

Liberatus alimtafuta Selestini kwa macho. Selestini hakuwapo, wapatanishi hawapatikani wakati huo.

Wakanywa chai. Chai haijapoa vikombeni, taa nyekundu ikawaka ndani ya blanketi, ikaonekana kama kaa la moto nyuma ya pazia, na mashine ya chapa ikapiga mstari wake. Bartholomeo akaruka. Ugonjwa aliousafiria mara zote hizo sasa ameukamata mchana kweupe. Akaunyosha mkono kukifunua kitambaa, na Ndugu Kalinga akamnong'oneza jambo sikioni. Mkono ukarudi. Injinia alikuwa mtu mwenye mke, na mke wake alikuwa na mama. Akakitazama kitambaa, akamtazama Mama Ng'washi aliyekaa wima na kapu lake, akaitazama taa. Kama alijua au hakujua, hakuna aliyemwuliza. Akafunga begi, akasema yeye ameona kwa macho yake, inatosha. Lori litakuja. Mashine inakwenda Iringa, na kijana wake pamoja nayo.

Mama Ng'washi alimwuliza Regina kwa Kisukuma yule mtu amesema nini kuhusu Iringa. Regina akamweleza. Mama akalifunga kapu lake. Akasimama, akaanza kujifunga khanga ya safari. Kila aliyekuwa mle ndani alielewa kwamba posa inatoka mlangoni.

Liberatus hakufikiri. Angefikiri angeketi. Alikwenda kwenye kontrola, akakivua kile kitambaa, akakikunja taratibu, kona kwa kona, ng'ombe asikunjike pembe. Akapiga goti mbele ya mama, akamkabidhi kwa mikono miwili. Regina akaziba mdomo.

"Mama," alisema, "mashine hii inapumulia juu. Kitambaa kinaiziba. Inakufa kwa joto."

Mama Ng'washi alimtazama. Hakuwahi kuisikia sauti yake ikimsemesha yeye. Akaweka kitambaa kitini, akaenda akaweka kiganja juu ya kontrola, vile mtu anavyomshika mtoto paji la uso.

"Ina homa," alisema kwa Kiswahili.

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoivisha."

"Na wewe umejua tangu lini?"

Liberatus akatazama sakafu. "Tangu mvua."

"Ukanyamaza."

"Nilimtuma Selestini."

"Selestini aliniambia inatoka jasho kwa kupenda." Akausugua mkono wake kwenye khanga. "Nikikupa Regina, baba, siku akishikwa na homa, utamtuma Selestini?"

Chumba kizima kilikuwa kimemgeukia Liberatus. Hata mlinzi alikuwa ameingiza kichwa.

"Hapana, mama. Nitakuja mwenyewe."

"Mchana au usiku?"

"Wakati wowote."

Mama akachukua kapu lake. Badala ya kutoka, akakitia kitambaa ndani, akakaa tena kwenye kiti, na Regina aliyemjua mama yake akaanza kulia kwa furaha. Wakaiwasha mashine. Ikafanya kazi mpaka jioni, Bartholomeo akiwapo, ikiwa uchi mbele ya watu wote.

Lori halikuja. Lakini injinia alipaswa kuwaeleza wakubwa wake kilichotokea, na hakuweza kuwaambia kwamba amesafiri mara zote hizo kwa sababu ya kitambaa cha kufuma. Akawaambia kwamba kulikuwa na hitilafu ngumu ya mzunguko wa hewa, haijawahi kuonekana nchini, na imegunduliwa na kijana wa Iyunga. Iringa wakafurahi sana. Mtu wa namna hiyo, wakasema, anapotezwa bure kule. Kabla mwezi haujaisha Liberatus akapandishwa cheo na kuhamishiwa makao makuu.

Ndugu Kalinga alimpa mkono, akampa na pole, bila kujua ni ipi inayofaa. Selestini akajitokeza, akasema hili ni jambo la kwenda nalo polepole, apewe yeye, ataanza kwa kuisifia hewa ya Iringa. Liberatus akamshukuru, akapanda basi peke yake.

Alimkuta Mama Ng'washi majarubani, maji ya matope kwenye vifundo, anapandikiza mpunga. Akamwamkia kwa Kisukuma, alivyofundishwa na Regina: "Mwangaluka, mayu." Hakusubiri kukaribishwa nyumbani wala kupewa kigoda. Akavua viatu, akakunja ile bugaluu mpaka magotini, akaingia majini mpaka alipo.

"Mama, nimehamishiwa Iringa. Nimekuja kukwambia mwenyewe."

Mama Ng'washi alichomeka mche mmoja, akachomeka na wa pili. Akaunyosha mgongo, akatazama upande wa milima, mbali, barabara ya Iringa inakopandia.

"Lini?"

"Mwezi ujao."

"Basi arusi iwe mwezi huu," alisema, akampa fungu la miche. "Shika mstari wa pale. Na usiikanyage."